Nati Nne Mfukoni Mwangu

Karatasi yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani, kando ya mlango wa chumba cha mashine, ndani ya fremu yenye kioo kilichopasuka pembe moja. Ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo kama sisimizi, na niliikuta pale. Juma langu la kwanza kazini, mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa pale kwa umri na kwa ulimi, alinishika mkono akanisogeza mbele yake.

"Msomi, hebu tusomee. Hii yasema nini?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Kilifi mwaka uliotangulia, na hapo kiwandani hakukuwa na mwingine aliyefika huko. Nikasoma mistari mitatu nikakutana na maneno ambayo hayakuwahi kutokea katika mtihani wangu wowote. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma yangu wakingoja.

"Ni mambo ya leseni ya tajiri," nikasema. "Hayatuhusu."

"Haya basi," akasema mama mkubwa, wakatawanyika. Kwa miaka miwili hakuna aliyeniuliza tena.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nje kidogo ya Malindi, upande wa barabara iendayo Kilifi. Kiwanda kilikuwa banda refu la mabati. Makumbi ya nazi yaliletwa kwa malori, yakalowekwa kwenye mashimo ya maji nyuma ya banda kwa majuma mengi mpaka yakalainika na kunuka, kisha wanawake wakayalisha kwenye mashine tatu zenye mapipa ya meno ya chuma. Upande wa pili ulitoka usumba, wa kusokota kamba na kujaza magodoro. Injini moja ya dizeli ndiyo iliyoziendesha zote. Ilizungusha shafti ndefu iliyopita kando ya ukuta, kimo cha nyonga, na kutoka kwenye shafti mkanda mmoja ulikwenda kwa kila mashine. Kazi yangu ilikuwa kuwasha injini, kuizima, kutia grisi na kukaza kilicholegea. Kwa kijana wa miaka ishirini, hicho kilikuwa cheo.

Nimehamahama sana tangu wakati huo. Nimekaa Watamu, nimekaa Mtwapa mara mbili, nimefika Lamu nikarudi. Lakini nikipita mahali penye harufu ya makumbi yaliyolowekwa, miguu husimama yenyewe.

Sababu ni msichana aliyefanya kazi mashine ya pili. Alilelewa na nyanya yake mjini Malindi, na kaka yake mmoja alikuwa Mombasa akimwandikia barua. Kusoma alijua kidogo, ila mwandiko wa kaka yake ulikuwa wa haraka na mbaya, kwa hiyo barua alinipa mimi. Saa ya chakula tulikaa juu ya marobota ya usumba nikamsomea. Nilikuwa nikizirefusha salamu. Kaka akiandika mstari mmoja wa kumsalimu nyanya, mimi nilitoa mitano, na kumuulizia jirani ambaye sikumjua. Alicheka akasema, "Kaka siku hizi amekuwa na adabu, yakhe." Kisha alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akanywa nusu, akanipa nusu. Hatukuwahi kuambiana lolote. Mimi niliona tumekwisha kuambiana.

Ndipo akaja mlinzi.

Alikuwa mtu wa Rabai, amenizidi umri kwa miaka kama minane, mpole wa sauti, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu tu. Tajiri alimwajiri kukaa langoni mchana na kushika funguo za stoo. Siku yake ya pili aliingia kuniomba maji ya kunywa, akaiona karatasi. Akasimama mbele yake muda mrefu, midomo ikichezacheza.

"Wasoma nini hapo, baba?" mama mkubwa akamuuliza. "Hiyo ni leseni ya tajiri."

"Nani kasema?"

Mama mkubwa akaninyooshea kidole bila kugeuka.

"Hapana, mama," mlinzi akasema. "Hii ni sheria ya viwanda. Ni muhtasari wake, lazima utundikwe kila kiwanda ili wafanyakazi wauone. Hapa inasema kila kitu kinachozunguka, mikanda na shafti, kifunikwe au kizungushiwe wavu imara, mtu asiweze kuguswa nacho. Na hapa inasema mtu akiumia, mwenye kiwanda ampelekee habari mkaguzi."

Kiingereza chake hakikuwa kizuri kuliko changu. Alituambia mwenyewe kwamba alijifunza karatasi kama ile kifungu kwa kifungu, akiwa amelala hospitali Mombasa baada ya mashine kumla vidole, na karani mmoja akimtafsiria. Lakini nani alisikiliza habari za Kiingereza? Wanawake walikuwa wamekwisha kunigeukia.

"Leseni!" mama mkubwa akasema. "Miaka miwili twazunguka na leseni."

Wakacheka. Yule wa mashine ya pili alicheka pia, kwa upole, mkono mdomoni. Kisha akamsogelea mlinzi akauliza, "Na hapa chini pasemaje?"

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kwa haraka vile. Jioni hiyo nilipokuwa nikifuta injini niligundua namwonea wivu hata vidole asivyokuwa navyo, kwa maana kila alipounyoosha mkono ule kuonyesha kitu, yule msichana aliutazama kwa huruma, na mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima na haitazamwi na mtu.

Kifuniko cha shafti kilikuwepo. Kulikuwa na wavu wa chuma, mmoja kwa kila mashine, na ule wa mashine ya pili niliufungua mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Usumba ulikuwa ukijaa ndani yake, ikabidi kusimamisha kazi kila saa kuutoa. Bila wavu, kazi ilikwenda. Tajiri alinisifu, nikafungua na zile nyingine mbili. Nyavu zote tukazitia stoo. Sasa kila siku mlinzi alikuwa akimwambia tajiri, kwa adabu ileile, "Bwana mkubwa, zile nyavu." Na kila alipoondoka, wanawake walimtazama kama mtu aliyekwenda kuwatetea mahakamani.

Kisha likatokea jambo la njiani. Kutoka kiwandani kwenda mjini kulikuwa na njia ya mkato iliyopita kwenye mikorosho, na walevi wa tembo la mnazi walizoea kukaa pale jioni. Siku moja mmoja wao alimkamata mfanyakazi wa mashine ya tatu, akamshika leso kiunoni. Wanawake wa pwani wakienda kazini hujifunga leso juu ya gauni, na wale wetu walizikaza kwa fundo gumu ili zisilegee wakiinama. Fundo halikufunguka. Alivutwa mpaka akaanguka, na lau wenzake hawangekuwa nyuma wakipiga kelele, Mungu ndiye ajuaye.

Kesho yake mlinzi aliwaita wanawake uani baada ya kazi, jua bado liko juu. Mimi nilibaki nikijifanya natafuta spana.

"Akikushika, usivutane naye," akawaambia. "Ana nguvu kukushinda. Yeye akivuta kule, wewe nenda kulekule, hatua moja, ujizungushe, umwachie alichoshika. Akishika mkono, toa mkono upande wa kidole gumba, hapo ndipo penye upenyo. Akishika leso, mwachie leso."

"Nimwachie leso?" mama mkubwa akasema. "Nirudi nyumbani uchi?"

"Una gauni ndani, mama."

"Hilo lina tundu."

"Basi atachungulia, atakimbia mwenyewe," akasema mmoja, wakaangua kicheko.

Mlinzi akangoja wanyamaze. "Kwa hiyo msifunge fundo. Ichomekeni tu. Ikivutwa, itoke. Na sikilizeni jambo moja. Sheria yakuruhusu kujitetea mpaka uponyoke. Ukishaponyoka, kimbia. Ukirudi kumpiga na jiwe akiwa ameanguka, kesi inakuwa yako."

Akataka mtu wa kuonyeshea. Yule wa mashine ya pili akatoka mbele, akachomeka leso yake. Mlinzi akaishika pembe, kwa vile vidole vitatu, akavuta polepole, na msichana akajizungusha akatoka, uso umemuwaka kwa furaha. "Tena," akasema. Wakarudia. "Tena."

Mara ya tatu sikuvumilia. Nikatupa spana.

"Hivyo ni kucheza," nikasema. "Mlevi hamvuti mtu kama anavyovuta pazia. Acha nimshike mimi."

Mlinzi akamtazama yeye. Yeye akanitazama mimi, akatabasamu. "Njoo basi, msomi."

Nilikuja kwa nguvu zangu zote. Nilitaka aone kwamba mafunzo ya yule bwana hayafai. Nikaikamata leso kwa mikono miwili nikavuta kwa kishindo. Yeye akaja kulekule nilikovuta, akageuka mara moja, na mimi nikabaki na leso mikononi nikirudi kinyumenyume bila kitu cha kunizuia. Nyuma yangu kulikuwa na shimo la makumbi.

Maji yale yalifika kifuani. Yalikuwa meusi, ya majuma mengi. Nilipoibuka nilikuwa bado nimeshika leso.

"Msomi kapata leseni ya kuoga!" mama mkubwa akapiga kelele, akakaa chini kabisa, hoi. Mlinzi ndiye aliyenipa mkono kunitoa. Hakucheka. Ningefurahi kama angecheka. Na yeye, ambaye kwa ajili yake nilinuka vile, alikuwa akimwambia mlinzi, "Umeona? Umeona nilivyotoka?"

Juma lile msichana alipata barua ya kaka yake. Niliona bahasha. Saa ya chakula nilipanda juu ya marobota nikangoja. Yeye alikuwa langoni, kwenye benchi la mlinzi, nao wameinamia karatasi moja, na mlinzi akimwonyesha herufi kwa kidole ili aisome mwenyewe. Aliisoma mwenyewe. Ilimchukua saa nzima ya chakula. Baadaye aliponipita aliniambia, bila ubaya, "Kumbe kaka haandiki salamu nyingi." Chai ya siku hiyo sijui aliinywa nani.

Siku ya pili yake tajiri alichoka kuombwa. Asubuhi kabla ya kazi akaniita. "Rudisha zile nyavu, huyu mtu aninyamazie. Anza na ya mashine ya pili, ndiyo karibu na njia."

Mlinzi alinifungulia stoo akarudi langoni kufungulia lori. Wavu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nati zake nne zilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya rafu, nilikoziweka mwenyewe, ndani ya mafuta ili zisishike kutu. Nilikuwa fundi mzuri. Nikalishika lile kopo, nikamsikia nje yule wa mashine ya pili akifika kazini na kumsalimia mlinzi. Hakusema neno la ajabu. Alisema, "Umeamkaje?" na mlinzi akamjibu. Lakini sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akiniletea mimi pamoja na chai.

Nikazitia nati mfukoni mwa suruali, nikautoa wavu nikauegemeza kando ya mashine ya pili, nikaenda kwa tajiri.

"Nati hazipo, bwana. Zimepotea stoo."

"Stoo ina funguo."

"Ndiyo, bwana," nikasema, na zaidi ya hapo sikusema.

Nilifikiri nini? Nilifikiri siku moja. Siku moja tu wavu usiwekwe, mlinzi aonekane ameshindwa, wanawake waseme kelele zake zote hazikuzaa kitu. Kesho ningezipata nati chini ya rafu. Tajiri akasema, "Washa mashine. Zitanunuliwa zingine mjini." Nikawasha.

Ilikuwa kabla ya saa tano. Yule wa mashine ya pili aliinuka kuchukua kapu la makumbi lililokuwa nyuma yake, akapita katikati ya mashine na ukuta kama tulivyopita sote kila siku. Niliona ncha ya leso yake ikiinuka peke yake, kama iliyopulizwa na upepo, ikaenda kulala juu ya shafti.

Ilijizungusha mara moja. Alivutwa ubavu mpaka ukutani, na mdomo wake ukafunguka lakini injini ilikuwa na kelele, sikusikia kitu. Mtu yeyote angeshika mashine ajisukume nyuma. Hata mimi ningefanya hivyo. Yeye alikwenda kulekule ilikomvuta, hatua moja, akajizungusha, mikono juu, na leso ikatoka kiunoni. Akaanguka sakafuni kwa magoti. Juu yake leso ilikuwa ikizunguka na shafti, ikipiga ukuta pa, pa, pa, ikichanika vipande, mpaka nilipoifikia injini nikaizima.

Nyonga yake ilikuwa imechubuka na kiganja kimoja kimeungua kwa kusuguliwa na kitambaa. Zaidi ya hayo alikuwa mzima. Mama mkubwa alimkumbatia akawa anarudia, "Angelikuwa na fundo. Angelikuwa na fundo." Mlinzi alikuja mbio kutoka langoni. Alitazama shafti, akautazama wavu uliokuwa umeegemezwa palepale, akachutama mbele ya msichana bila kumgusa, akamuuliza, "Vidole vyote vipo?" Yeye akamwonyesha mikono yote miwili, kama mtoto. Nilikuwa nimesimama kando ya injini, na katika saa ile, na nati zimenilalia pajani, bado niliuona ule mtazamo wao na roho ikaniuma.

Adhuhuri tajiri alituita sote barazani pake. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilitoka kama hasira. Ilikuwa lazima mkaguzi apelekewe habari, kwa kuwa sasa kila mtu alijua karatasi inasema nini.

"Nyavu nilisema zirudishwe," akasema. "Nati zimepotea stoo. Funguo za stoo ziko kwa nani?"

"Kwangu, bwana mkubwa," mlinzi akajibu.

"Basi mkaguzi akija nitamwambia hivyo. Wewe ndiye uliyetaka nyavu, na wewe ndiye uliyepoteza nati. Chukua vitu vyako."

Mlinzi alitazama mkono wake wenye vidole vitatu, akautia mfukoni. Mimi nilikuwa nyuma ya wanawake, na nasema ukweli, sikuona aibu bado. Niliona lango bila yeye. Niliona benchi tupu, na barua ikirudi juu ya marobota.

Kisha yule wa mashine ya pili akasema, "Alichotufundisha ndicho kilichonitoa. Akienda yeye, na mimi naenda."

"Uende wapi?" mama mkubwa akamuuliza.

"Anakokwenda."

Alilisema mbele ya watu wote, mchana, msichana aliyelelewa na nyanya yake. Mama mkubwa alijishika kifua. Mlinzi mwenyewe aligeuka akamtazama kwa mshangao, nami nikajua kwamba lilikuwa halijasemwa kati yao, kwamba ndiyo kwanza analisikia, na kwamba ni mimi niliyelileta mpaka hapo.

Nikapita katikati ya wanawake nikaziweka nati juu ya meza ya tajiri. Zilikuwa na mafuta, zikabingirika kidogo.

"Zilikuwa kwangu," nikasema. "Tangu asubuhi."

Watu wamewahi kunisifu kwa hilo, wachache niliowasimulia. Husema nilikuwa na moyo. Sikuwa na moyo. Kama angefukuzwa mlinzi peke yake, ningenyamaza, na pengine mpaka leo ningekuwa nimenyamaza. Nilisema kwa sababu nilimwona msichana, kwa macho ya moyo, akitoka langoni nyuma ya mtu mwingine, na sikuweza kuvumilia. Nilitaka wabaki wote wawili, mahali ambapo ningeweza kuwaona, hata kama kuwaona kungeniua.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nafikiri walijua. Mama mkubwa alinitazama akavuta leso yake kichwani. Tajiri alimwambia mlinzi arudi langoni, na mimi nifunge wavu kwanza, halafu niende zangu.

Nikaenda na spana. Yule wa mashine ya pili alinifuata, amejitanda leso ya kuazima, kiganja kimefungwa kitambaa. Alisimama juu yangu wakati nimepiga magoti. Nilikaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilitaka aseme kitu. Alipoinama nilidhani sasa atasema. Alinyoosha mkono wake mzima akazijaribu nati, moja baada ya nyingine, kwa vidole.

"Ya nne bado," akasema.

Nikaikaza. Nikaweka spana juu ya injini, nikachukua shati langu msumarini. Nilipofika mlangoni niligeuka. Mlinzi alikuwa ameingia kwa mlango wa pili, amechutama pale nilipokuwa mimi, akizijaribu nati upya kwa mkono ule wa vidole vitatu, na yeye amesimama pembeni anamtazama. Chupa ya chai ilikuwa chini, kati yao, na kifuniko chake kimekwisha funguliwa.